Ndinga inameremeta, mishipa imezeeka

Ukitaka kujua duara la nani limetema hapa Rwamgasa, usijisumbue kwenda kuchungulia kwenye maduka ya wanunuzi wa dhahabu. Kaa kibarazani, agiza soda yako, angalia barabara. Aliyepata kidogo utamwona na pikipiki mpya, kiti bado kina nailoni ya dukani. Aliyepata zaidi atapita na Noah au Prado. Lakini yule ambaye mwamba umemkubali na roho yake bado ni ya ujana, huyo hupotea wiki mbili Dar es Salaam, kisha anarudi na 'ndinga' ya milango miwili ambayo hata gunia la mchele haliingii.

Braza wangu, mtoto wa baba mkubwa, yumo kwenye kundi hilo la mwisho. Ana hisa kwenye duara moja huku kwetu, na mwaka ule mambo yalipomnyookea alileta Toyota Celica nyekundu ya mwaka 1994, ile ya macho manne ya mviringo. Ilipoingia kijijini watoto waliikimbiza mpaka sokoni. Vumbi letu jekundu likaipaka rangi juu ya rangi, lakini bado ilikuwa bomba.

Na kabla hujasema ni ushamba wa pesa za machimbo, ngoja nikuambie kitu. Katika magari yote ya spoti duniani, kama kuna moja ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuliita letu, ni Celica. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yameshindwa na Celica mara nane. Björn Waldegård wa Sweden alishinda nayo mwaka 1984, akarudia 1986 na 1990. Juha Kankkunen wa Finland alishinda 1985 na 1993, Carlos Sainz wa Hispania 1992, Mjapani Yoshio Fujimoto 1995. Katikati yao yumo mtu wa nyumbani, Mkenya Ian Duncan, aliyeshinda mwaka 1994. Kweli, zile zilikuwa Celica za maumbo yaliyotangulia hili la macho manne, na ziliandaliwa hasa kwa mashindano. Lakini jina ni lile lile, na braza aliwakumbusha watu jina hilo kila alipokunywa chai.

Sasa basi, tatizo likaanza polepole. Kila ukiingia kwenye gari lile asubuhi, puani kulikuwa na harufu ya petroli. Si kali. Inakuja, inapotea. Ukifungua kioo unaisahau. Mimi nilimwambia mapema.

"Braza, gari linanuka petroli."

"Dogo, ndinga ya spoti lazima inuke," akanijibu. "Hayo ndiyo marashi yake."

Washikaji waliokuwa pale wakacheka, na mimi nikaonekana mshamba. Lakini haikupita muda likaja jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Dada yetu, mdogo wake braza wa tumbo moja, alikuwa anaolewa Katoro. Kamati ya harusi ikakaa, ikahesabu michango, na kwenye usafiri wa bibi harusi hakuna aliyepiga kura. Celica nyekundu, basi. Itapambwa riboni nyeupe mbele, dada atakaa na shela lake, na Katoro nzima itajua familia ile si ya mchezo. Braza naye akatenga fungu la kununua ringi mpya na kuweka vioo vyeusi.

Mimi nilichoona kichwani ni shela. Kitambaa kile chepesi kama moshi, ndani ya gari linalonuka petroli, safari nzima kutoka Rwamgasa mpaka Katoro, juani. Nikasema hapana, hili lazima fundi aliangalie.

Fundi wetu ni mzee wa makamo, Msukuma wa maneno machache, ambaye siku nyingi anashinda kwenye makarasha akitengeneza injini za dizeli. Magari ya petroli anayajua tangu ujana wake. Alifungua boneti, akawasha taa ya simu, akapitisha kidole taratibu kwenye mpira mmoja unaopeleka mafuta kwenye injini. Alipofika kwenye kona, karibu na klipu, akasimama. Akatoa kidole, akaninusisha. Kilikuwa kimelowa.

"Njoo uone ngozi ya bibi," akasema.

Msomaji, mpira ule ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua losheni. Ulikuwa mgumu, ukiukunja unatoa mlio. Mpira wa pili, ule unaorudisha mafuta kwenye tangi, haukuwa hata wa kiwandani. Kuna mtu huko nyuma alikwisha uondoa akaweka mrija wa plastiki wa kupitisha maji, ule unaoonekana kwa ndani, na sasa ulikuwa umegeuka manjano na mgumu kama unyasi. Wa tatu, mpira mnene ulioko mdomoni mwa tangi, nao ulikuwa na nyufa.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi tunaendesha tu. Magari ya zamani yenye kabureta, petroli yake inasukumwa taratibu, kama mama anavyomimina chai. Pampu inatoa presha ndogo, kama paundi tano hivi. Lakini gari la injekta, yale tuliyozoea kuyaita EFI, ni habari nyingine. Pampu inakaa ndani ya tangi, inasukuma petroli kwa presha ya kama paundi 40 mpaka kwenye injekta, na injekta zinaipuliza ndani kama dawa ya mbu. Paundi 40 ni zaidi ya upepo unaojaza kwenye tairi la gari dogo. Sasa fikiria tairi linavyotoa upepo likitobolewa, halafu badala ya upepo weka petroli. Mpira wa kabureta ukipasuka unadondosha tone tone. Mpira wa injekta ukipasuka unarusha mvuke, na jirani yake kabisa pana manifoldi ya silensa iliyochemka.

Teknolojia hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa na injekta za petroli, za kimakanika. Bert Shankland, dereva wa kutoka Dar es Salaam, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 ya injekta. Magari yale yalipita kwenye matope na mawe ya Afrika Mashariki wakati wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Tofauti ni kwamba gari la mashindano lina kundi la mafundi wanaolikagua kila linaposimama. Celica ya braza ilikuwa na mtu mmoja anayeifuta vumbi.

Na jambo ambalo wengi hatulijui ni hili: mpira wa mafuta hauzeeki kwa kilomita, unazeeka kwa miaka. Joto la injini linaukausha. Hewa yenyewe inaula kwa nje. Petroli inaunyonya ule ulaini wake kwa ndani. Gari likisimama miezi bila kuwashwa, ndiyo mbaya zaidi, mpira unakauka na kujikunja. Kwa hiyo yule anayekuambia "hili gari halijatembea sana Japani" anakusifia injini. Mipira haijui hiyo habari.

Braza akaitwa, akaja, akaangalia. Hakukataa kwamba mipira imekwisha, ila alikuja na dawa yake ya haraka.

"Fundi, mbona rahisi? Mpira wa kompresa si huo hapo? Ule unavumilia presha kuliko hata huu wa Toyota. Kata kipande, funga klipu, tuendelee na ringi."

Kwa mtu wa machimbo, wazo hilo lina akili. Mpira wa kompresa uko kila mahali huku, ndio unaopeleka upepo chini kwenye mashine za kutobolea mwamba. Ni mnene, una nyuzi ndani, unaburutwa kwenye mawe na haulalamiki. Lakini yule mzee alitikisa kichwa.

"Bhabha, presha na petroli ni vitu viwili. Upepo haulambi mpira. Petroli inaulamba."

Hakubishana. Alikata kipande kidogo cha mpira wa kompresa, akakitumbukiza kwenye chupa ya jemu yenye petroli, akafunga kifuniko, akaiweka mbali kivulini. Kesho yake alipokitoa, kipande kilikuwa kimevimba kama mguu uliotegwa, na ukikibonyeza kinaacha weusi kwenye vidole. Weusi ule, kama ungekuwa ndani ya gari, ungesafiri na petroli mpaka kwenye injekta na kuziba vitundu vyake. Na mpira wenyewe ungeendelea kulainika mpaka siku uamue kuachia.

Braza alinyamaza, akatoa sigara, akaanza kutafuta kiberiti. Fundi alimfukuza pale kama kuku. Hapo ndipo nilipomfuata pembeni.

"Braza, matimba ya duara lenu mliyabadilisha lini?"

"Kabla ya masika."

"Yalikuwa yamevunjika?"

Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Usubiri matimba yavunjike na watu wako chini? Wewe vipi?"

"Basi mipira hii ni ya mwaka 1994," nikamwambia. "Na atakayekuwa ndani ni dada."

Hakunijibu. Aliondoka zake, na mimi nikajua nimekwisha haribu ujamaa. Jioni ikaingia meseji ya pesa kwenye simu ya fundi. Ilikuwa pesa ya ringi.

Kutafuta mpira wenyewe nako kulikuwa kasheshe. Gari lina zaidi ya miaka 30, spea zake halisi si za kuingia dukani na kuchukua. Fundi alitaka mpira wa mita wa magari ya injekta, wenye maandishi ubavuni: SAE 30R9. Alinifafanulia kwamba kuna mpira wa daraja la chini, 30R7, unaofaa kabureta na njia zisizo na presha kubwa. Huu wa R9 una ngozi maalumu kwa ndani isiyolambwa na petroli, na umepimwa kubeba hadi paundi 100. Upana wa tundu milimita nane kwa njia ya presha. Tukaulizia Katoro, tukaulizia Geita, kila muuzaji anasema "huu huu unafaa", ukigeuza ubavuni hakuna hata herufi moja. Mwisho tuliupata Mwanza, ukaletwa na basi. Afadhali siku hizi basi linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025. Enzi za kivuko tungesubiri foleni na harusi inakaribia.

Hata ulipofika, fundi hakuamini maandishi peke yake. Aliukata ncha, akaangalia kama tabaka za ndani zinaonekana, akauloweka kwenye ile ile chupa ya jemu usiku mzima. Asubuhi ulikuwa kama ulivyoingia. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Kazi yenyewe ilifanyika chini ya mwembe, kwenye upepo, si ndani ya kibanda. Naieleza ili na wewe ukimpelekea fundi wako ujue anachofanya. Kwanza aliikatia pampu umeme, akawasha gari. Likanguruma kidogo, likakosa mafuta, likajizimia lenyewe. Hiyo ni kumaliza presha iliyobaki kwenye njia, maana hata gari likizimwa mafuta hubaki yamesukumwa mle ndani, na ukifungua nati kichwa kichwa yatakurukia usoni. Kisha akatoa waya hasi wa betri, kusiwe na cheche. Kifuniko cha tangi akakifungua kuachia hewa. Pembeni aliweka mtungi wa kuzimia moto wa unga na ndoo ya mchanga. Maji hapana, maana petroli inaelea juu ya maji na kusambaa nayo ikiwaka.

Mipira ya zamani aliichana kwa wembe badala ya kuivuta, asije akapinda mabomba ya chuma. Mabomba yenyewe akayafuta na kuyakagua kutu. Filta akaweka mpya. Washa za shaba kwenye nati za filta akaweka mpya, akisema washa ya shaba hubanwa mara moja tu. Halafu klipu. Zile klipu za kawaida zenye vitundu tunazofungia mipira ya rejeta alizitupa kando, kwa sababu kingo zake zinaukata mpira ukikazwa. Akatumia zile laini zenye kingo zilizokunjwa nje. Mpira akauingiza mpaka ukapita ule uvimbe kwenye ncha ya bomba, ndipo klipu ikakaa nyuma yake. Kila kona akaipa nafasi ya kuzunguka taratibu, isikunjwe wala isiguse kitu cha moto.

Jaribio lake ndilo lililonifurahisha. Toyota za umri ule zina kijisanduku kidogo chini ya boneti chenye matundu ya majaribio. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la +B na la FP, akafungua swichi bila kuwasha injini. Pampu ikaanza kuvuma peke yake kule nyuma, presha ikajaa, injini imelala. Akavingirisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Viungo vyote vikavu, isipokuwa nati moja ya filta iliyoweka doa dogo kama la machozi. Akazima, akaimaliza presha upya, akafungua, akabadilisha washa, akarudia. Kavu. Dakika kumi nzima tumesimama tunatazama karatasi ya chooni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Jumapili ya wiki iliyofuata Celica ilikwenda Katoro. Ringi zilikuwa zile zile za zamani, zimesuguliwa tu, na vioo havikuwa vyeusi. Riboni nyeupe ilikuwepo. Dada alikaa nyuma na msimamizi wake, wamebanana kwa ajili ya lile gauni, wanacheka. Nilipofungua mlango kumshusha kanisani, kilichonuka ni manukato yake. Watu walipiga picha gari mbele, nyuma na ubavuni. Hakuna aliyepiga picha ya mpira.

Sisi watu wa Rwamgasa tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa ulikuja hapa kwetu kuwafundisha wachimbaji kuhusu zebaki, kwamba ule mvuke unaotoka ukichoma dhahabu unaua ingawa hauonekani. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unajikusanya, unasubiri cheche. Na baada ya yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lililopinduka liliwaka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, hakuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa petroli ni nini.

Lakini tazama tunavyonunua. Kijana anapata pesa, kitu cha kwanza muziki mnene, cha pili ringi, cha tatu spoila. Mpira wa mafuta anauweka kwenye fungu la "ukiharibika tutaona". Mita mbili za mpira ule na klipu zake hazikufika hata bei ya ringi moja. Mchimbaji huyo huyo hashuki kwenye duara kabla hajapiga matimba kwa nyundo kusikiliza mlio wake. Anajua mti unaoza kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Akishatoka juu na kushika usukani, ujuzi wote huo anauacha shimoni.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama una gari la injekta lenye umri wa kuoa, liwe Celica, Mark II au hata lile la mizigo la mjomba, kesho asubuhi kabla hujaliwasha fungua boneti unuse. Kunja kidogo kila mpira karibu na klipu. Ukiona nyufa, ukisikia ugumu, ukinusa petroli, usiwashe, mwite fundi aje. Akikuletea mpira usio na maandishi, mrudishie. Akija na sigara, mrudishe mwenyewe. Nunua mtungi wa unga, na namba ya Zimamoto ni 114, iandike, ingawa ukweli ni kwamba petroli ikishawaka haitamsubiri mtu atoke wilayani.

Braza sasa ananiita 'fundi' kwa kejeli. Wiki jana alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, sauti ya usingizi. Nikashtuka nikadhani kuna msiba. Kumbe alikuwa amesimama mbele ya boneti.

"Dogo," akasema, "nimenusa. Hakuna kitu."

Wiki ijayo tukijaliwa. Endesha salama.